Mswaki wa Umeme: Hukmu Yake, Namna ya Kuutumia, na Mgonjwa Anayepigishwa Mswaki na Wanawe

SWALI:

Mama yetu ana umri wa miaka 70 na kidogo. Mwaka jana alipata kiharusi na mkono wake wa kulia haufanyi kazi. Tokea hapo meno yake yameharibika na kinywa kimekuwa na harufu, na yeye mwenyewe anaona haya hata hataki wajukuu wamkaribie. Kaka yetu aliyeko Uingereza amemletea mswaki wa umeme, lakini mama ameuweka kabatini. Anasema maisha yake yote amepiga mswaki wa mti kwa kila Swalah, na hataki kuacha Sunnah uzeeni akafuata mashine. Tulimjaribishia mara mbili, fizi zikatoka damu, akazidi kuogopa na akasema wudhuu wake umevunjika. Tunaomba mtueleze: je, mwenye kutumia mswaki huu anapata thawabu za Sunnah? Damu hiyo inavunja wudhuu? Ramadhaan atafanyaje? Na sisi tunaomhudumia tuutumie vipi, maana karatasi iliyokuja nao ni Kiingereza kitupu.

JIBU:

Sifa zote njema Anastahiki Allaah (Subhaanahu wa Ta'aalaa), na Rahma na amani zimshukie Mtume Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam), jamaa zake, Swahaba zake na wote wenye kuwafuata kwa wema.

Ndugu zetu waulizaji, Allaah Ampe mama yetu shifaa na Awalipe kheri kwa kumhudumia. Tutaanza na hilo lililomfanya auweke mswaki kabatini, kwa sababu bila ya kulitatua hilo hata mkijua namna ya kuutumia hautatoka humo.

Je, mswaki wa umeme unapata hukmu ya Sunnah?

Wanachuoni wengi wamesema kwamba kupiga mswaki ni Sunnah iliyotiliwa mkazo. Imepokelewa kwa Abu Hurayrah (Radhwiya Allaahu 'anhu) katika Al-Bukhaariy na Muslim kwamba lau si kuchelea kuwatia mashakani umma wake, Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) angeliwaamrisha mswaki kwa kila Swalah. 'Aaishah (Radhwiya Allaahu 'anhaa) alipoulizwa Mtume huanza na jambo gani anapoingia nyumbani, alijibu kuwa huanza na mswaki. Na Hudhayfah (Radhwiya Allaahu 'anhu) ameeleza kuwa alipokuwa akiamka usiku alikuwa akisafisha kinywa chake kwa mswaki.

Sasa, mswaki unaokusudiwa ni kitendo au ni kijiti? Katika lugha ya Kiarabu neno hilo linabeba maana zote mbili: kitendo cha kusugua meno, na kile kinachosugulia. Mti wa araak, ambao kwetu wenyewe unaitwa mswaki, ndio bora kwa makubaliano ya wengi, na hilo hatulipunguzi. Lakini Imaam An-Nawawiy, ambaye ni katika nguzo za madhehebu ya Shaafi'iy yanayofuatwa na watu wengi wa visiwani, amebainisha kuwa Sunnah hii hupatikana kwa kila kitu kikavukavu chenye kukwaruza kinachoondosha uchafu na harufu, na akatoa mfano hata wa kitambaa kigumu. Alichokitoa ni kidole laini cha mtu mwenyewe, kwa sababu hakikwaruzi. Ikiwa kitambaa kigumu kinatosheleza, basi brashi yenye nyuzi iliyotengenezwa makusudi kwa kazi hiyo inatosheleza zaidi, iwe inasogezwa na mkono au na mota iliyo ndani yake. Umeme hapa ni nguvu tu ya kusogeza. Haubadilishi kitendo wala haukiingizi katika uzushi, kwani hakuna anayedai kuwa mota hiyo ni ibada. Mwenye kutia nia ya kusafisha kinywa chake kwa ajili ya Swalah na kumfuata Mtume, tunataraji kuwa amepata asili ya Sunnah, na mwenye kuongeza araak amepata ubora.

Na hapa tumwambie mama jambo lililo karibu zaidi na hali yake. Katika saa za mwisho za uhai wa Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam), naye ameegemea kifuani kwa 'Aaishah, aliingia 'Abdur-Rahmaan bin Abi Bakr akiwa na kijiti cha mswaki mkononi. Mtume akakitazama. 'Aaishah akafahamu kwamba anautaka, akamuuliza, naye akaashiria kwa kichwa. Basi akauchukua, akaulainisha kwa meno yake, kisha akampa, naye akapiga mswaki kwa uzuri. Kisa hiki kimo katika Al-Bukhaariy. Aliyekuwa mgonjwa alisaidiwa na watu wa nyumbani kwake, na haikuwa aibu wala upungufu. Kwa hiyo mama yenu hapewi mashine ili aiache Sunnah. Anapewa msaada ili aendelee nayo. Wala hakuna ulazima wa kuchagua kimoja: mswaki wa umeme asubuhi na usiku, na kijiti cha araak kilicholainishwa na mmoja wenu kila inapofika Swalah.

Mkono wa kushoto nao umewatia watu wengi wasiwasi. Mashaafi'iy wamependekeza kulia, na wapo katika Mahanbali, akiwemo Ibn Taymiyyah, walioona kushoto ndiko kunakofaa kwa kuwa ni kuondosha uchafu. Jambo lina wasaa kwa mzima, seuze kwa aliyepooza mkono. Ashike kwa kushoto, na aanze upande wa kulia wa kinywa chake, hapo atakuwa amepata lile lililopendekezwa.

Wala kifaa hiki hakikuanza kama anasa. Mswaki wa umeme wa kwanza kufanikiwa, ulioitwa Broxodent, ulitengenezwa Uswisi mwaka 1954, na miongoni mwa waliokusudiwa tangu mwanzo ni watu wenye udhaifu wa mikono na wagonjwa wasioweza kusugua wenyewe.

Namna ya kuutumia

Kosa kubwa la wengi ni kuutumia kama mswaki wa mkono, kusugua mbele na nyuma kwa nguvu huku mashine nayo inasugua. Mswaki wa umeme hausuguliwi. Unawekwa. Kazi yako ni kuupeleka kutoka jino moja hadi jingine, na kusugua uuachie wenyewe.

Kwanza tazameni kichwa chake, maana ziko aina mbili kubwa. Kuna wenye kichwa kidogo cha duara, ambacho huzunguka nusu kwenda na nusu kurudi kwa kasi. Huo unauweka juu ya jino moja moja: upande wa nje, upande wa ndani, kisha juu ya jino kwa yale ya kutafunia, na kila pahala unatulia kidogo kabla ya kusogea. Aina ya pili ina kichwa kirefu kama cha mswaki wa kawaida, na hiki hutetema kwa kasi sana hata nyuzi huonekana kama hazisogei. Huo unaulaza kwa pembe ya kama digrii 45, nyuzi zikielekea pale jino linapokutana na ufizi, kisha unauvuta polepole, meno mawili matatu kwa wakati. Pale penye mpaka wa jino na ufizi ndipo ukoga unapojificha, na ndipo maradhi ya fizi yanapoanzia. Anayesugua katikati ya jino tu ameng'arisha kioo na kuacha fremu na uchafu wake.

Loweka nyuzi kwa maji, tia dawa ya meno kiasi cha punje ya mbaazi, ingiza mswaki kinywani kwanza ndipo uwashe. Ukiwasha nje, dawa yote itarukia nguo na kioo. Vivyo hivyo zima kabla ya kuutoa.

Muda ni dakika 2. Watu wengi hudhani wamepiga dakika 2 kumbe hawakufika hata moja. Ugawe mdomo mafungu manne: juu kulia, juu kushoto, chini kulia, chini kushoto, na kila fungu lipate sekunde 30. Miswaki mingi ya umeme husita au hutikisika kidogo kila sekunde 30 kukuashiria uhamie fungu jingine, na zikitimia dakika 2 hutoa ishara ndefu zaidi. Basi mnapousikia unakatika katikati, msidhani umeharibika au chaji imekwisha.

Ushike kwa vidole kama unavyoshika kalamu, usiukamate kwa ngumi. Kuukandamiza hakuongezi usafi. Kunaumiza ufizi, na kwa miaka huufanya urudi nyuma hata mzizi wa jino ukaonekana. Baadhi ya miswaki huwasha taa nyekundu au hupunguza kasi ukibonyeza sana. Isiyo na taa, nyuzi zenyewe hutoa ushahidi: zikitanuka na kulala ndani ya mwezi mmoja, mkono wako ni mzito.

Pahala panaposahauliwa ni patatu. Pa kwanza ni nyuma ya meno ya mbele ya chini. Hapo mate hutoka chini ya ulimi, na ugaga hujijenga kwa wingi kuliko pengine popote. Simamisha mswaki wima uwafikie moja moja. Pa pili ni nyuma ya gego la mwisho, na hapo usipanue mdomo sana, kwa sababu shavu hukaza na kichwa cha mswaki kikakosa nafasi. Pa tatu ni ulimi. Abu Muusaa Al-Ash'ariy (Radhwiya Allaahu 'anhu) ameeleza kumkuta Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) mswaki ukiwa ulimini kwake hata sauti ya kutaka kutapika ikisikika, nayo imo katika Al-Bukhaariy na Muslim. Harufu nyingi ya kinywa huanzia nyuma ya ulimi. Wengine hupoteza fedha kwa dawa za kusukutua ilhali hawajawahi kuugusa ulimi wao.

Ukimaliza, tema. Usisukutue kwa maji mengi. Hili huwashangaza watu, nalo tutalirejea tukifika kwenye wudhuu.

Mswaki huu, hata ukiwa wa thamani gani, hauingii baina ya meno. Hapo panataka uzi wa meno au vibrashi vidogo, mara moja kwa siku. Nyuzi za embe na za nyama watu huzitoa kwa kijiti cha kiberiti au pini, wakachoma ufizi. Tena hauondoi ugaga uliokwisha kuwa kama jiwe, wala wekundu wa tambuu ulioganda kwa miaka. Hayo huondolewa na daktari wa meno kwa vifaa vyake, na hakuna unga wa sokoni wala mkaa uliosagwa utakaofanya kazi hiyo bila ya kulikwangua jino lenyewe.

Je, kweli una faida kuliko wa mkono? Mwaka 2014 jopo la Cochrane lilikusanya tafiti 56 juu ya suala hili. Waliotumia wa umeme kwa zaidi ya miezi 3 walikuwa na ukoga pungufu kwa asilimia 21, na uvimbe wa fizi pungufu kwa asilimia 11, kuliko waliotumia wa mkono. Ni faida, lakini si muujiza. Mwenye mkono mzima akipiga mswaki wa kawaida kwa dakika 2 na kwa utulivu, meno yake yatakuwa salama, na asijione mpungufu wala asikope ili anunue. Faida kubwa iko kwa mtu kama mama yenu, na kwa wanaomhudumia.

Kumpigisha mswaki mgonjwa wa kiharusi

Akae wima kitini au kitandani kwa mito, na kidevu kiiname kidogo kuelekea kifuani. Msimpigishe akiwa amelala chali. Baada ya kiharusi watu wengi hupata udhaifu wa kumeza, na maji au povu likiingia njia ya pumzi huweza kuleta homa ya mapafu. Kwa sababu hiyo hiyo tieni dawa ya meno kidogo sana, chini ya ile punje ya mbaazi, na ikiwezekana mnunue isiyotoa povu jingi. Wekeni beseni na kitambaa, na kila baada ya fungu moja zimeni, ateme au mumpanguse, ndipo muendelee. Dakika 2 si lazima ziwe mfululizo.

Simameni ubavuni mwake au nyuma ya kichwa chake, na mkono mwengine uvute shavu polepole kwa kidole. Upande uliopooza ndio wa kuangaliwa zaidi, kwa kuwa chakula hukwama shavuni bila ya yeye kuhisi. Kabla ya kuwasha mswaki, pitisheni kidole kilichovikwa kitambaa safi muutoe wali au mkate uliobaki humo.

Mara ya kwanza mwachieni aushike kwa mkono wake wa kushoto, auwashe nje ya mdomo, ausikie mtetemo kwenye kiganja, kisha kwenye shavu. Mtetemo ndio unaowatisha wazee, na kiharusi huweza kuufanya mdomo uhisi kitu kuliko kilivyo. Siku mbili za kuzoea zinatosha kwa wengi. Akiweza mwenyewe meno ya mbele, mwachieni, nanyi mmalizie magego. Heshima ya mtu mzima ni kubwa, na mkimpigisha mbele ya wageni au wajukuu atakataa, na ana haki.

Ikiwa ana meno ya bandia, yatolewe kwanza. Hayo husafishwa kwa brashi ya kawaida na sabuni ya maji, si kwa dawa ya meno ambayo huyakwaruza, na usiku yabaki nje ya kinywa. Ikiwa amewekewa kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo, muulizeni daktari wake kabla ya kutumia kifaa chenye chaja ya aina hii.

Damu ya fizi

Kwa madhehebu ya Shaafi'iy, damu inayotoka fizini haivunji wudhuu, iwe kidogo au nyingi, kwa kuwa haikutoka katika njia mbili. Wanaofuata madhehebu ya Hanafiy wanaona damu inayotiririka na kuyashinda mate huvunja, na mwenye kufuata kauli hiyo achukue wudhuu tena. Mama yenu, ikiwa ni katika watu wa madhehebu yaliyozoeleka huku kwetu, wudhuu wake uko pale pale. Linalomlazimu ni kusukutua mpaka damu iondoke kabla ya kuswali, kwa sababu damu ni najisi, na wala asiimeze.

Ama kitiba, damu hii ndiyo inayowafanya watu waache mswaki, na kuuacha ndiko kunakoizidisha. Ufizi mzima hautoki damu kwa kuguswa. Unaotoka damu mara nyingi umevimba kwa sababu ya ukoga uliokaa muda mrefu mpakani mwa jino, na dawa yake ni kuuondoa ukoga huo kwa upole, kila siku. Kwa wengi damu hupungua ndani ya wiki moja au mbili. Anzeni na kasi ndogo ikiwa mswaki wenu unayo, na tumieni kichwa chenye nyuzi laini.

Lakini kwa mama yenu hatusemi msubiri tu. Wagonjwa wengi wa kiharusi hupewa dawa za kuifanya damu isigande, na dawa hizo huongeza kutoka damu. Msizisimamishe kwa rai yenu wenyewe, kwani kuzikatiza kunaweza kuleta kiharusi kingine. Mpelekeni kwenye kitengo cha meno cha hospitali, kama Mnazi Mmoja kwa walio mjini Unguja, na mtaje dawa zote anazotumia. Akiwa na sukari pia atajwe nayo, kwani sukari na maradhi ya fizi huchocheana. Na meno yaliyolegea au yenye usaha hayangoji mswaki.

Mswaki, wudhuu na dawa ya meno

Hapa pana jambo ambalo karatasi iliyokuja na mswaki haitawaambia, kwa kuwa haikuandikwa kwa ajili ya watu wanaochukua wudhuu. Dawa nyingi za meno zina madini ya floridi, ambayo hulitia jino nguvu. Ili ifanye kazi inahitaji kubaki juu ya jino. Ndiyo maana madaktari husema tema, usisukutue. Sasa Muislamu anapiga mswaki kwa dawa, kisha papo hapo anachukua wudhuu na kusukutua mara tatu. Meno yamesafika, lakini floridi karibu yote imekwenda na maji.

Tiba yake ni kubadilisha mpango tu. Usiku, chukua wudhuu wa kulalia kwanza, na kijiti cha araak ndicho kitumike katika wudhuu. Ukishamaliza ibada zako na kula kwako, ndipo upige mswaki wa umeme kwa dawa, uteme, na ulale. Usiku mate hupungua na jino hukosa kinga yake, hivyo huo ndio wakati wenye faida kuliko wote. Asubuhi, swali Alfajiri kwanza, kisha piga mswaki kabla ya chai. Kufanya hivyo baada ya Swalah kunaondosha pia shaka ya kumeza povu ukiwa ndani ya Swalah. Ladha tupu iliyobaki mdomoni haidhuru kitu. Kama umekunywa maji ya ndimu, ukwaju au machungwa, subiri angalau nusu saa kabla ya kusugua, kwa sababu ukali wake hulilainisha jino kwa muda.

Tazameni kwenye kasha: ya mtu mzima iwe na floridi ya kiasi cha 1350 hadi 1500, kipimo huandikwa kwa herufi ppm. Wapo wanaoiogopa kwa kuona meno ya kahawia ya watu wa baadhi ya sehemu za Arusha na Kilimanjaro. Yale hutokana na floridi nyingi iliyomo ndani ya maji wanayoyanywa tangu utotoni, si dawa ya meno inayotemwa. Ila ndiyo sababu watoto hutiliwa kidogo: aliye chini ya miaka 3 apakwe kiasi cha punje ya mchele, wa miaka 3 hadi 6 punje ya mbaazi, na mzazi asimame naye. Mtoto akipewa mswaki wa umeme ataufanya mchezo, basi mkono wa mzazi uwe juu ya mkono wake hadi afike kama miaka 7.

Na mfereji usiachwe wazi muda wote huo. Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja cha maji. Kikombe kimoja kinatosha kwa mswaki.

Ramadhaan

Kupiga mswaki hakufunguzi Swaum, wa mti wala wa brashi. Baraza la Fiqhi la Kimataifa lililokaa Jeddah mwaka 1997 liliutaja mswaki na brashi ya meno miongoni mwa yasiyofunguza, madhali mtu anajichunga asimeze kinachofika kooni. Kuhusu dawa ya meno mchana, Shaykh Ibn Baaz amejuzisha kwa sharti hilo hilo. Shaykh Ibn 'Uthaymiyn naye hakuiharamisha, lakini ameona bora iachwe hadi usiku kwa kuwa ina nguvu ya kupenya kooni bila ya mtu kuhisi. Nasi tunaona kauli hii ya tahadhari ndiyo inayomfaa mgonjwa mwenye udhaifu wa kumeza, wala mswaki wa umeme asitumie mchana kabisa, kwani hurusha maji na mate nyuma ya kinywa kwa kasi ambayo mtu mzima mwenye afya hujichunga nayo kwa taabu. Hayo ni kama daktari amemruhusu kufunga. Akimkataza, rukhsa ipo, na ataulizia fidia yake.

Atumie usiku baada ya Taraawiyh na kabla ya kulala, na baada ya daku, amalize kama robo saa kabla ya adhana na ateme vizuri. Mchana atosheke na araak isiyotiwa ladha. Vile vijiti vya pakiti vyenye ladha ya mnanaa au ndimu viwekwe hadi magharibi. Wazee wetu wengi huacha mswaki baada ya adhuhuri wakiwa wamefunga, na hiyo ndiyo kauli mashuhuri katika madhehebu ya Shaafi'iy, kwamba ni makruhu. Hata hivyo An-Nawawiy mwenyewe katika Al-Majmuu' amechagua kuwa si makruhu, kwa kuwa Hadiyth za mswaki hazikubagua wakati. Mama asilazimishwe huku wala huku.

Nyuzi, vichwa na chaja

Zamani miswaki ya brashi ilikuwa ya manyoya ya nguruwe, na kwa Mashaafi'iy hayo ni najisi. Tangu mwaka 1938 nyuzi za nailoni zilipoingia sokoni jambo hilo limepungua sana, na vichwa vya miswaki ya umeme ni vya nailoni. Anayekuta brashi iliyoandikwa kuwa ni ya manyoya asilia bila ya kutajwa mnyama gani, aiache. Glisirini ndani ya dawa ya meno huenda ikatokana na mimea, mafuta ya wanyama au viwanda. Iliyoandikwa kuwa ya mimea au yenye alama ya halali ndiyo ya kuchagua pale inapopatikana.

Kichwa hubadilishwa kila miezi 3, au kabla ya hapo nyuzi zikitanuka, kwa hiyo mgonjwa mmoja anataka vichwa 4 kwa mwaka. Mwambieni kaka yenu atakapokuja achukue vya kutosha, kwani maduka yetu hayana kila aina na cha kampuni moja hakiingii kwenye mpini wa nyengine. Mpini mmoja unaweza kutumiwa na watu wawili kila mmoja na kichwa chake.

Chaja isomwe kabla ya kuchomekwa. Umeme wetu ni wa volti 230. Iliyoandikwa 100–240 ni salama. Iliyotoka Marekani na kuandikwa 110 au 120 peke yake itaungua. Miswaki ya Uingereza mara nyingi huja na plagi ya pini mbili za duara iliyokusudiwa soketi maalumu za mabafuni mwao. Nunueni adapta. Ile tabia ya kuchokonoa tundu la juu la soketi kwa kalamu au kijiti ili pini mbili ziingie, iacheni, na hasa penye maji na mgonjwa. Mpini wenyewe unapokuwa mdomoni hauna waya, na ukijaa chaji hukaa siku kadhaa, mara nyingi wiki au zaidi, hivyo hata umeme ukikatika siku mbili tatu haudhuru. Wakati wa giza refu, kama lile la Unguja la tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010, mswaki wa umeme usio na chaji ulikuwa ni mswaki wa kawaida tu: usugueni kwa mkono, kwa miviringo midogo midogo.

Na ikiwa mama ataendelea kuukataa, msigombane naye. Chukueni mswaki wa kawaida wenye nyuzi laini, uviringisheni mpini wake kwa kitambaa hadi unenepe, aweze kuukamata kwa kushoto, na mumalizie nyinyi sehemu asizozifikia. Mlainishieni kijiti chake cha araak kila inapoadhiniwa.

Na Allaah Anajua zaidi.